Bunduki ya Kamati ya Nguruwe

Benchi la Dozi pale Kitangari halikuzaliwa benchi. Lilikuwa rafu ya duka la kijiji enzi za foleni za sukari, likakaa tupu miaka mpaka Bonifasi akaliomba, akalitoa nje, akalitia miguu ya mkorosho na kuanza kuuza kahawa. Siku hizi ruksa ya biashara imeingia. Madukani kuna kila kitu mpaka dawa ya kung'arisha viatu ambavyo watu hawana, na wanunuzi binafsi wa korosho wanapita na mizani zao, lakini rafu haijarudi ndani. Watu waliposhindwa kuamua kama kahawa ya Bonifasi ni kinywaji au matibabu, wakamwita Dozi. Maji ya kuichemshia yanapandishwa kutoka bondeni, ndoo mbili kwa siku, kwa hiyo ndoo zikiisha na maongezi yameisha, hata kama mtu ana hoja mdomoni. Asubuhi hiyo ndoo ya kwanza ilikuwa inakaribia kuisha pale Nikolao alipofika na fomu mkono mmoja na karatasi ya picha mkono wa pili, akiwa amenuna.

Nikolao ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Nguruwe. Hakugombea cheo hicho, alipewa kwa sababu muhogo wake ndio ulioliwa zaidi. Nguruwe pori walimaliza ekari mbili mwaka jana, na mwaka huu wameanza tena. Kijiji kimekubaliwa kununua bunduki moja ya marisau, ikae ofisini, na vijana watatu wasiojua kuwinda wafundishwe kuitumia. Mmoja wa hao watatu ni Ida, binti yake. Kilichobaki ni mstari mmoja wa fomu, aina ya bunduki, na basi la kwenda Masasi linapita saa nne.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, Baba Ida, akajibu Dozi. — Kaa. Uso huo ukiuingiza kwenye kahawa itaganda.

— Nisaidieni. Mwenye duka Masasi kanipa picha mbili. Zote zinajipakia. Unaweka risasi tano, unavuta, ganda linatoka lenyewe, risasi nyingine inaingia yenyewe. Hii ni namba kumi na mbili, nzito. Hii ni namba ishirini, nyepesi, kitako kifupi. Nichague ipi kwa vijana wanaoanza?

Ungedhani amemwaga pumba mbele ya kuku. Gasper, yule wanayemwita Kanali, aliinyakua karatasi kabla hajamaliza. Kanali alikwenda vita vya Uganda na akarudi salama, na kila mtu Kitangari anajua kwamba alikwenda kubeba masufuria, ila yeye huwa anasimulia kwa namna ambayo masufuria hayatajwi.

— Kumi na mbili. Sina mjadala.

— Kwa nini?

— Wewe mwenyewe hesabu. Ishirini ni kubwa kuliko kumi na mbili. Ukimpa mtoto ishirini itamrusha mpaka Mkunya.

— Lakini mwenye duka anasema ishirini ndiyo nyepesi.

— Mwenye duka anauza. Mimi nimeshika bunduki, bwana. Kule Uganda tulikuwa na kitu kizito, mnakibeba wawili.

— Sufuria la ugali, akasema Awadhi taratibu.

Awadhi ni fundi wa redio, ndiyo maana wakamwita Waya. Ni Muislamu safi, nguruwe hamli wala hamgusi, lakini kwenye habari za nguruwe hakuna anayemzidi kelele. Ukimwuliza yanamhusu nini, anakwambia kwamba yeye hamli nguruwe, ila nguruwe hajaarifiwa, anakula muhogo wake kama wa watu wengine.

— Mimi tatizo langu siyo namba, akaendelea Waya. — Tatizo ni hiyo ya kujipakia. Mmeona hizi redio mpya, kanda ikiisha inajigeuza yenyewe? Ililetwa moja kwangu. Iligeuza kanda siku tatu. Nikaitoa kanda, ikawa inageuza hewa. Sasa kitu chenye tabia hiyo unakipa risasi tano.

— Bunduki haina betri, Waya.

— Ndiyo inatisha zaidi. Betri ungechomoa.

Nikolao akacheka bila kutaka. Alikuwa amekuja kutafuta msaada, na moyoni alikuwa na jambo ambalo hakupenda kulisema benchini. Mwaka jana, muhogo ulipokuwa unaisha, alimpa Ida gobore la marehemu babu yake alindie shambani. Alipanda naye juu ya dungu, lile jukwaa la kulindia, akampanga yeye mwenyewe: kitako hapa, shavu hapa, mkono huu huku. Binti akafyatua. Gobore likapiga teke, likamtupa chini kutoka juu ya dungu, na masika yote yale Ida alitembea mkono ukiwa umefungwa na khanga shingoni. Hakulalamika hata siku moja, na kamati ilipoomba vijana, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujiandikisha. Hilo ndilo lililomkosesha Nikolao raha. Akichagua vibaya tena, atamvunja mwanawe mara ya pili, na safari hii kwa sahihi yake kwenye fomu.

— Mimi naomba tuwafikirie nguruwe, akasema Dozi, huku akimimina. — Hawa wetu wanahesabu.

— Wanahesabu nini?

— Mpaka moja. Gobore likilia, wanakimbia hatua kumi, wanasimama, wanakusubiri. Wanajua una baruti ya kupakia, una kijiti cha kushindilia, una fataki ya kutafuta mfukoni. Wanarudi, wanakula mbele yako. Mimi nimewaona. Kuna jike moja nadhani ndilo mwalimu wao.

— Sasa hapo si ndiyo unasema tuchukue ya risasi tano?

— Subiri. Mwaka wa kwanza watakufa. Mwaka wa pili watakaobaki watajua kuhesabu mpaka tano. Watasubiri ya tano ilie, ndio waingie. Tutakuwa tumejenga shule.

— Basi inunuliwe ya risasi sita, akasema Kanali.

— Watafika sita.

— Saba.

— Kanali, unawapeleka sekondari.

Waya akasema ikifika hapo nguruwe watadai kuuza korosho wenyewe kwa wanunuzi binafsi, na kwa jinsi anavyowaona watapata bei nzuri kuliko yeye. Nikolao akatazama jua. Saa nne ilikuwa haiko mbali.

— Jamani, namba ngapi?

— Kwanza tupime, akasema Kanali. Akaingia ndani akatoka na mchi wa kutwangia kahawa, akausimika begani, akafumba jicho. — Unaona? Mimi huu mchi mfupi. Nahitaji kitako kirefu. Kumi na mbili.

Waya akaupokea, akaujaribu, akasema yeye ana mgongo wa kuinamia redio, kwa hiyo iliyo nyepesi. Dozi naye akaupima, akasema kwake yote sawa kwa sababu tumbo linazuia. Nikolao akaona mchi unazunguka mara ya pili ndipo akagundua kwamba wazee watatu wanapima bunduki ambayo hakuna hata mmoja wao atakayeishika. Kabla hajalisema, mtu akapiga hodi nyuma yao.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mgeni, ana viatu vya vumbi na begi la kijani. Aliwaamkia wote shikamoo, mmoja mmoja, akaomba kahawa na nafasi ya kusubiri gari la kwenda Newala.

— Unatoka wapi, mwanangu?

— Shinyanga, mzee. Naitwa Kulwa. Nimehamishiwa Newala, idara ya wanyamapori.

Benchi likajisogeza kidogo.

— Kwa hiyo wewe ndiye bwana nyama mpya, akasema Dozi.

— Ndiyo mimi.

— Tukuite bibi nyama?

— Niite Kulwa tu, mzee. Nyama wenyewe hawaniiti.

Wakamcheka kwa furaha, akapewa kikombe kilichojaa kuliko vyao. Nikolao hakupoteza muda. Akamwekea picha mbili mapajani na kumweleza habari yote, vijana watatu, fomu, basi. Kulwa akazitazama picha, akapuliza kahawa.

— Ishirini ndiyo yenye tundu dogo la mtutu, akasema. — Namba ikipanda, tundu linapungua. Na hizi zinazojipakia zinapunguza teke, nguvu nyingine inaishia kwenye kusukuma ganda. Kwa anayeanza, hiyo nyepesi ya kitako kifupi haina ubaya, kwa risasi za kawaida.

— Nilisema mimi, akasema Kanali.

— Ulisema kumi na mbili.

— Nilisema tuulize mtaalamu.

Nikolao alikuwa ameshachomoa kalamu. Alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu juzi. Akaandika ile mbili ya ishirini, na Kulwa akauliza huku anatazama picha, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi:

— Hao vijana wanapiga kwa bega lipi?

— Bega lipi vipi?

— Hii inatema ganda upande wa kulia. Anayepiga kwa kushoto, ganda la moto linapita mbele ya uso wake. Akishtuka, anakosa, au anaanguka. Kuna zinazotema upande mwingine, chache, ila zinaagizwa. Ndiyo nauliza, wanatumia bega lipi?

— La kulia, akasema Nikolao. — Kama watu wote.

— Umewaona?

Nikolao akawageukia wenzake.

— Yule kijana wa Mzee Lucian aliyejiandikisha, je?

Hawakujua. Huwa anacheza mpira, akasema Waya, lakini mpira ni miguu. Yule wa pili, Benjamin, wakasema anashona, na Kanali akaapa kwamba anakata kwa kulia, halafu akakumbuka kwamba anayemfikiria ni kaka yake.

— Na wa tatu? akauliza Kulwa.

— Ida anatuletea maji hapa kila siku, akasema Dozi. — Huyo tunamjua.

— Ndoo anashika kwa mkono gani?

— Kulia, akasema Kanali.

— Kushoto, akasema Waya.

Dozi akafikiri sana.

— Haishiki, akasema. — Anatembea mikono mitupu, ndoo inakaa yenyewe.

Miaka miwili wanakunywa maji ya yule binti, na hakuna aliyejua mkono wake. Nikolao peke yake alianza kukumbuka, na hakupenda alichokumbuka. Alimkumbuka Ida mdogo akiwatupia nyani mawe kwenye mikorosho, hakosi, na mama yake akimpiga kofi vidoleni mezani, kula kwa mkono wa watu, mwanangu. Alijikumbuka mwenyewe juu ya dungu, akikihamisha kile kitako kutoka bega moja kwenda la pili, na kumwambia hivi ndivyo inavyoshikwa.

Ndipo Ida akatokea njiani na ndoo ya pili kichwani, mikono mitupu kweli. Dozi akamtua. Nikolao akaokota ule mchi, akampa, bila neno.

— Nauelekeza wapi, baba?

— Kwenye bati la ofisi. Kama bunduki.

Ida akauinua. Ukakaa bega la kushoto, jicho la kulia likafumba, na mchi ukatulia kimya kabisa. Kisha akaona watu wote wanamtazama, akashtuka, akauhamishia kulia haraka haraka, na hapo mchi ukaanza kuyumba.

— Samahani, baba. Nilisahau.

— Ulisahau nini?

— Ulivyonifundisha.

Nikolao aliona aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni, mbele ya mgeni na mbele ya benchi. Barabarani basi la Masasi likapiga honi, na kondakta akapaza sauti kuulizia fomu ya kamati.

— Bado, Nikolao akajibu. — Mwambie dereva tutampa akirudi Alhamisi. Kuna watu hatujawauliza.

Basi likaenda. Akamgeukia binti yake.

— Rudisha.

— Wapi, baba?

— Pale ulipouweka kwanza.

Ida akamtazama kuhakikisha kwamba hatanii. Kisha akaurudisha kushoto polepole, shavu likalala juu ya mti, na mchi ukatulia tena.

— Nguruwe wameisha, akasema Waya.

Dozi akaukamua mwisho wa birika kwenye kikombe kimoja. Hakumpa Kanali aliyekuwa amenyoosha mkono. Akamsogeza Waya kwa goti, nafasi ikapatikana kwenye rafu, na kikombe akampa aliyeleta maji. Ida akaegesha mchi ukutani, akaketi, akakipokea kwa mkono wa kulia, maana ndiyo adabu.