Viatu Mlangoni Bumbwini

Marehemu mama yetu mdogo, Bi Shariffa binti Talal, alizaliwa Bumbwini, Unguja, tarehe 14 Machi 1941. Hiyo ni tarehe ya pasipoti. Mwenyewe hakuiamini, kwani karani aliyeiandika hakumuuliza mama yake.

Alisoma chuo cha Kurani, kisha skuli ya wasichana mjini. Aliolewa na marehemu Bwana Wael mwaka 1966, wakajaaliwa binti mmoja, Manal. Mwaka 1971 walihamia Maskati, wakakaa mtaa wa Darsait. Alikuwa mfasiri serikalini hadi 2001, na hakuna karatasi aliyoisoma mara moja tu, hata kadi ya harusi.

Mwaka 1998, katika kitabu cha picha za kale za wasafiri wa Kizungu, aliiona nyumba ya bibi yake, Bi Kheiria, ilivyopigwa picha mwaka 1908. Chini pameandikwa: "Magofu yasiyo na wenyewe." Kweli upande mmoja ulikuwa umeanguka. Lakini Bi Kheiria, mtoto wa miaka tisa, alikuwamo ndani pamoja na mama yake na shangazi yake. Mgeni mpiga picha alipiga hodi. Hapakuwa na mwanamume wa kuitikia, nao wakajisitiri kama ilivyo ada yetu. Mzungu akaona hapana watu. Tangu alipokiona kitabu hicho, Bi Shariffa hakuchoka kuwaandikia wachapishaji wasahihishe, nao hawakuchoka kumdai ushahidi.

Mwaka jana, figo zilipomlaza, Manal aliikuza ile picha. Mlangoni palionekana viatu vimevuliwa.

"Gofu halivui viatu," marehemu alisema, akacheka kwa furaha. Kisha akahesabu. Jozi nne.

"Siku zote tunaambiwa watatu," akaniambia. "Sasa nna shaka na sisi wenyewe, Hind. Kamuulize Bi Rawya."

Bi Rawya, binamu yake mkubwa anayekaa Hamriya, hapa Maskati, alizunguka sana kabla ya kujibu. "Alikuwapo Tufaha, mpishi. Lakini yule alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Hakuwa wa kuhesabiwa."

Nilipomfikishia jibu hilo, marehemu alilia. Akaamrisha barua kwa wachapishaji iandikwe upya, na wasifu wake huu pia.

Alifariki nyumbani Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025, barua ikiwa imeshapelekwa. Ameacha binti yake Manal, mjukuu wake Ghadeer, nami Hind, mtoto wa dada yake.

Kwa wasia wake, tunawataja waliokuwamo ndani siku ile: Bi Kheiria binti Majid; mama yake Bi Khulood binti Seif; shangazi yake Bi Alaa binti Hilal; na Tufaha. Jina la baba yake Tufaha tumelitafuta, hatukulipata. Sisi ndio ambao hatukuliandika.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Shariffa, na hao wanne, kila mmoja kwa jina lake.