Bi Pazia na Mnara Uliozimwa

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni popote mlipo, jikoni, dukani, au kwenye foleni ya boti. Leo tunamkumbuka mlinzi wa mwisho wa mnara wa zamani wa taa, ule mweupe uliobabuka rangi, unaouona mkono wa kushoto boti ikitoka bandarini. Wengi mlimjua kwa jina la Bi Pazia. Nasema tena kwa waliokuwa wakihangaika na mawimbi ya redio: Bi Pazia, mlinzi wa mwisho wa mnara wa zamani, amefariki dunia, na amezikwa karibu na mnara wake.

Sasa, kwenye kipindi hiki tumezoea kusema marehemu alikuwa mpole, mcheshi, hana makuu. Mumewe alikuja hapa studio jana. Akakaa, akanyoosha goti lake bovu, na neno lake la kwanza likawa hili: "Tafadhali usiwaambie watu alikuwa mpole. Watanicheka mtaani." Basi siwaambii. Bi Pazia alikuwa mkali, alikuwa mbishi, na neno akilishika halimtoki. Mumewe alimpenda hivyo hivyo, na alichoka hivyo hivyo.

Huyu mumewe ni fundi cherehani, na kila mtu humwita Fundi. Alipokwenda kuposa, baba mkwe ndiye aliyekuwa mlinzi wa mnara, na binti ndiye aliyekuwa akipanda ngazi kwa niaba yake. Fundi alidhani anaoa mke tu. "Kumbe naoa na mnara," anasema. Mzee alipostaafu, kazi akaishika binti, na Fundi akabeba cherehani yake akahamia nyumba ya mlinzi. Hakuna aliyemuuliza anaonaje. Hata leo anasubiri kuulizwa.

Na hilo jina la Pazia lilitoka wapi? Sikilizeni vizuri, maana kisa chote kimelala hapo. Juu kabisa ya mnara kuna chumba cha taa, na ndani yake kuna lenzi, kioo kikubwa kumzidi mtu, kilichoundwa kwa vipande vingi. Usiku kioo hicho huchukua mwanga wa taa ndogo na kuurusha mbali baharini. Mchana hufanya kinyume. Huchukua jua na kulirusha ndani. Ndiyo maana kila alfajiri mlinzi huzima taa na kuvuta pazia pande zote, na kila jioni hulifungua. Alfajiri funga, jioni fungua. Ukisahau, unaunguza.

Fundi alisahau. Au tuseme hakusahau, alijitia ujuzi. Ilikuwa msimu wa mvua, nyumba nzima ina unyevu, na alikuwa na koti la bwana harusi la kukabidhi kesho yake. Akapanda nalo juu, akalitundika chumba cha taa, akavuta pazia kidogo tu ili jua likaushe koti. Akashuka kunywa chai. Chai haijapoa, mkewe akanusa harufu. Alipanda ngazi zile mbio akipiga kelele, "Pazia! Pazia! Pazia!" na soko zima kule chini likasikia. Tangu siku ile akawa Bi Pazia. Koti lilikuwa na tundu mgongoni ukubwa wa sahani ya chai.

Bwana harusi alioa hivyo hivyo. Siku nzima hakumpa mtu mgongo, na picha zote za harusi ile zimepigwa kwa mbele. Fundi alishona pazia jipya la kitambaa kizito, safu mbili, bila kuambiwa. Mkewe alilikagua mshono kwa mshono, halafu akasema, "Afadhali ungeanza na hili kabla ya koti." Akalitundika siku hiyo hiyo.

Kwa mliojiunga nasi sasa hivi, tunamkumbuka Bi Pazia, mlinzi wa mwisho wa mnara wa zamani wa taa.

Bi Pazia na Fundi walijaliwa mtoto mmoja, binti. Alijua kufunga pazia la mnara kabla hajajua kufunga kamba za viatu vyake. Alipanda na mamake, akashuka na mamake, na kwa ubishi akafanana na mamake chapa. Mtoto wa nyoka ni nyoka, jamani, tusidanganyane. Akasomea umeme, akawa fundi umeme.

Halafu ofisi inayosimamia taa za meli ikaleta habari. Fungu la mchanga lilikuwa limehama. Nahodha akiufuata mnara wa zamani, anakwenda kukwama. Basi utajengwa mnara mpya kisiwa cha ng'ambo, wenye taa ya kujiwasha yenyewe, na mnara wa zamani utazimwa. Mpaka hapo ni sawa. Lakini nani aliajiriwa kutunza taa mpya? Binti. Na nani alitumwa kuja kukata waya wa taa ya zamani? Binti huyo huyo! Kulikuwa na mafundi tele, wakamtuma mtoto wa nyumba ile ile. Hapa mimi mtangazaji wenu hushika kichwa.

Binti angeweza kukataa. Alisimama mlangoni na plaizi mkononi, akamwambia mamake, "Mama, nikikataa atakuja mtu asiyejua hata pa kushika. Acha niizime mimi, kwa adabu."

"Adabu?" Bi Pazia akasema. "Unanifumba macho nikiwa hai, unasema adabu?"

Binti alipanda, akakata, akashuka. Mama alikuwa amegeukia ukuta. Tangu siku ile Bi Pazia hakumsemesha mwanawe. Na binti naye akaapa hataomba radhi kwa kazi inayookoa meli. Wote wawili walikuwa na haki, wasikilizaji wapendwa, na hicho ndicho kinachochosha. Mkosaji angekuwepo, angeombwa aombe radhi, yakaisha. Nyumba ile ikabaki na mafundi wawili, wa nguo na wa umeme, na hakuna aliyeweza kushona wala kuunga kilichokatika.

Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Fundi ndiye aliyekuwa nyasi, tena nyasi yenye goti bovu. Binti alikuwa akipiga simu kila Jumapili, na Fundi akiiweka kwenye spika, akitumaini labda leo. Nisikilizeni namna mambo yalivyokwenda, kama alivyonisimulia mwenyewe.

"Baba, mwambie mama anywe dawa za presha."

Bi Pazia amekaa papo hapo, anachambua mchele. "Mwambie huyo mwanao nimeshakunywa."

"Mwambie mama nimemsikia."

"Mwambie na mimi si kiziwi."

"Mwambie mwenyewe!" Fundi hufoka. "Wote mnasikiana! Mimi ni posta?"

Bi Pazia huurudia mchele wake. Kisha mama, kwa sauti ya chini, "Muulize kama koti la mvua lile bado linamtosha." Na Fundi, baada ya kuapa kwamba hatabeba tena hata neno moja, humuuliza. Afanyeje? Simu ikikatika, mama anamlaumu yeye. Chaji ikiisha, binti anamlaumu yeye. Miaka ikapita hivyo, na kila mara jibu la Fundi ni lile lile, mwambie mwenyewe, mwambie mwenyewe, na hakuna aliyemwambia mwenziwe kitu.

Kama hilo halikutosha, kulikuwa na suala la pazia. Mnara umezimwa. Taa haina waya. Ofisi imebandika kibao kwamba huo ni mnara wa kihistoria, na imewaacha wazee waendelee kukaa pale wawafungulie wageni. Bi Pazia alikitazama kibao kile akasema, "Historia ni ya waliokufa. Mimi nina nguo za kufua." Lakini alfajiri anapanda kufunga pazia. Jioni anapanda kulifungua. Ya nini? Fundi alimsihi kwa lugha zote. Taa haiwaki, mama. Lifunge mara moja, liache limefungwa, upumzishe miguu yako.

"Mnara si kabati," alijibiwa.

"Lakini unafungua ili iweje? Nani anaiona?"

"Wewe shona."

Fundi akashona. Kupanda hakuweza, goti lilikuwa limeshamkatalia ngazi zile. Alichokiona yeye ni kwamba jioni mkewe anapanda amenuna, anakawia kule juu, halafu anashuka na uso wa mtu aliyekula akashiba. Siku nyingine alishuka hata akiimba. Fundi akafikiri ni faida ya mazoezi. Alifika mahali akawashauri wateja wake wenye hasira wapande ngazi.

Wiki iliyopita Bi Pazia aliamka na maumivu ya kifua. Pazia alifunga, chai alikunywa, akarudi kitandani. Mchana ule akafariki, Fundi akiwa amemshika mkono. Majirani walijaa, kila mtu ana la kufanya. Fundi alisimama nje na simu kiganjani, jua linazama, hajui aanzie wapi. "Miaka yote nilikuwa nabeba maneno madogo," aliniambia. "Dawa, koti la mvua, mchele umepanda. Hili lilinishinda kubeba."

Simu ikalia yenyewe. Ni binti.

"Baba, mama ana nini?"

Fundi alishtuka. "Nani amekwambia?"

"Pazia halijafunguliwa."

"Wewe uko ng'ambo. Pazia unalionaje?"

Hapo binti akaanza kulia, na ndani ya kilio akaeleza. Taa yake mpya ikizunguka, mwanga wake hufika mpaka mnara wa zamani. Pazia likiwa wazi, kile kioo kikubwa hupokea na kurudisha. Hupiga ukope mara moja, mng'ao mdogo juu ya maji, halafu basi. Jioni ya kwanza alidhani ni bahati tu. Jioni ya pili akaelewa kwamba ni mama, amefungua pazia. Na yeye akaanza kujibu. Taa ile hujiwasha yenyewe giza likiingia, lakini kila jioni akiwa zamu aliiwasha kwanza kwa mkono, mapema kidogo, ili mama ajue kuna mtu, si mashine. Kumbe mama alipokawia kule juu alikuwa akisubiri dirishani mpaka aione, ndipo ashuke.

"Tulikuwa tunasalimiana, baba. Kila siku."

Wasikilizaji wapendwa, hebu mhurumieni mzee huyu. Ana msiba. Moyo umempasuka. Na katikati ya msiba anagundua kwamba wale wanawake wawili, aliobeba maneno yao kama punda, walikuwa wakizungumza miaka yote juu ya kichwa chake! Aliniambia alikasirika mpaka machozi yakakatika. Alimkasirikia maiti, akamkasirikia aliye hai, akalikasirikia hata pazia alilolishona kwa mikono yake. Kisha akampa jirani simu, akaingia mnarani, akapanda. Kwa goti lile. Alikuwa akitukana ngazi moja moja, majirani walisikia. Akafika juu, akafungua pazia, akasimama dirishani akihema. Ng'ambo taa ilikuwa ikizunguka. Yeye mng'ao hakuuona, maana hauonekani kwa aliye ndani. Lakini simu kule chini ililia tena, na jirani akapaza sauti, "Fundi! Anasema ameuona!"

Binti alifika kwa boti ya asubuhi. Walimzika mamake mchana, mahali ambapo kivuli cha mnara hupita. Watu walipotawanyika, binti alibaki amesimama kando ya udongo mbichi, mikono hajui aiweke wapi. Maneno yakamtoka mdomoni kwa mazoea.

"Baba, mwambie mama nimefika."

Fundi alimtazama. Hakufoka safari hii. "Mwambie mwenyewe," akasema.

Binti akapiga magoti, akamwambia. Alimwambia mengi, na Fundi akaenda zake kando, kwa sababu kwa mara ya kwanza hakuhitajika kusikiliza.

Kwa niaba ya redio yenu, tunatoa pole kwa Fundi, kwa binti yake fundi umeme, kwa majirani wa mnara wa zamani, na kwa mabaharia wote waliowahi kufika salama kwa taa ya Bi Pazia. Mungu awape subira. Na sisi tuliobaki tujiulize. Wewe uliyemtuma mdogo wako akamwambie kaka. Wewe mama unayenuna chumba cha pili na kumtuma mtoto kwa baba yake. Si kila nyumba ina mnara dirishani wa kusalimiana nao. Wengi wetu tukinyamaza, tumenyamaza kweli, na mwenzetu anaondoka akidhani tumemsahau.

Namalizia na hili. Jana Fundi alipoinuka kuondoka studio, aligeuka mlangoni. Alisema binti amesharudi kwenye taa yake, lakini juzi jioni taa ya ng'ambo ilichelewa kuwaka, na yeye amesimama pale juu na goti lake mpaka akakata tamaa. Akaniomba, kwa kuwa redio inafika ng'ambo, nimwambie binti yake asimchezee.

Nikamjibu, "Mzee, mwambie mwenyewe."

Alinikodolea macho. Akacheka mpaka akashika ukuta, akafuta machozi kwa kiganja, akaangalia jua limefika wapi. Kisha akaharakisha kwenda kwake, kufungua pazia.