Alfred Hirschi na Bunduki ya Kipimo cha Marlies

Huyu tunayemlaza leo kando ya mkewe, Alfred Hirschi, ambaye sisi sote tulimwita Fredu, alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 katika shamba la Hinterschwendi, bondeni Emmental, jimbo la Bern. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Gottlieb na Anna Hirschi. Theluji ilikuwa imeziba njia, na mkunga aliletwa na farasi wa kubebea maziwa. Alibatizwa Pasaka ya mwaka ule katika kanisa hili hili, na dada yake Käthi alizaliwa miaka minne baadaye.

Alisoma shule ya kijiji hadi mwaka 1956. Mwalimu aliandika kwamba ni mtoto mtulivu, anayejua hesabu, na kwamba miguu yake haienei chini ya dawati. Urefu huo haukumwacha maisha yake yote. Mwaka 1957 akaanza kujifunza kazi katika kiwanda cha kupasua mbao kando ya mto, akapata cheti, na akabaki hapo hapo hadi alipostaafu mwaka 2006. Watu walisema Fredu akipitisha kidole juu ya ubao, hana haja ya rula. Yeye alijibu kwamba kidole hakikosei sana, ila rula haichomwi na vibanzi.

Baba yake alimwachia bunduki ndefu ya jeshi, aliyoichukua nyumbani alipomaliza utumishi wake, kama ilivyo desturi yetu. Kwa bunduki hiyo kijana Fredu aliingia katika chama cha shabaha cha kijiji, na kabla hajatimiza miaka ishirini na mitano hakuna aliyempita kwa umbali wa mita mia tatu. Kila sikukuu ya shabaha alirudi nyumbani na beji ya shada, tuzo ya walengaji bora, kifuani. Wazee walikuwa tayari wamemtengea nafasi katika kikosi cha kushindana kijimbo.

Tarehe 18 Mei 1968 alifunga ndoa na Marlies Röthlisberger, mshonaji, binti wa ng'ambo ya mto. Marlies alifika kifuani kwa Fredu, na hapo ni akiwa amevaa viatu vya kanisani. Mungu hakuwajalia watoto. Jumapili zilikuwa ndefu kwao, na mwaka 1974 Marlies akasema hataki tena kukaa jikoni na mkate wa kusuka akingoja mume anukie baruti.

"Nitakuja kulenga na mimi," alisema.

"Ile ya baba itakuvunja mikono, mama."

"Basi tafuta itakayonifaa. Wewe si ndiye fundi?"

Fredu akanunua bunduki fupi iliyokwisha kutumika, na kwa msumeno wake mwenyewe akakata kitako kwa upana wa vidole viwili, hadi kikakaa sawasawa begani kwa Marlies. Nyumba ile haikuwa na uwezo wa kufuga bunduki mbili za mashindano, wala yeye hakutaka walenge mbali mbali. Wakatumia hiyo moja. Uwanjani Fredu alilala kifudifudi kwanza kwenye mkeka wa kulengea, akamaliza risasi zake, akajisogeza upande wa kushoto bila kuinuka, na Marlies akalala pale palipokuwa bado na joto. Walifanya hivyo kwa miaka thelathini na minane.

Vijana waliokuja chamani kuuliza wanunue ipi, fupi au ndefu, walipelekwa kwa Fredu. Naye hakuficha kitu. Ndefu, aliwaambia, ina nafasi kubwa kati ya tundu la nyuma na kijino cha mbele cha kulengea, kwa hiyo kosa lako unaliona mapema. Uzito wake wa mbele huituliza, ila mikono dhaifu huchoka. Fupi ni nyepesi na haikusumbui njiani, lakini hupiga kelele zaidi, hurusha bega, na jicho likizeeka kijino kinakuwa karibu mno, kinageuka ukungu.

"Sasa mbona wewe unatumia fupi?" waliuliza.

"Nyinyi mmeuliza ipi inalenga vizuri," alijibu. "Hamkuuliza nalala na nani."

Kwa bunduki ile hakuwa tena wa kwanza. Kikosi cha kijimbo kilimsahau. Kitako kilikuwa kifupi mno kwa mkono wake, na ilipofyatuka, kidole chake gumba kilimgonga pua. Jumapili jioni pua ilikuwa nyekundu, na rafiki yake Res Wüthrich, mwenyekiti wa chama, hakuiacha ipite.

"Fredu, hiyo ni bunduki au upawa wa supu?"

"Nyamaza, Res. Yako ndefu inakaribia kugusa shabaha, na bado unaikosa."

"Mwangalieni," Marlies naye alidakia, "amelala kama ng'ombe kwenye kitanda cha mtoto!"

Fredu alicheka kuliko wote. Hakumwambia mkewe kwamba alikuwa ameacha kitu. Lakini Marlies alijua.

Alijua, ndiyo maana alipolazwa kwa maradhi ya saratani, majira ya vuli mwaka 2012, alimshika mkono mbele ya wifi yake Käthi.

"Nikishaondoka, rudia ile ya baba yako."

"Tutaona."

"Usiniambie tutaona. Umejikunja kwa ajili yangu muda wa kutosha. Sema ndiyo."

Fredu akasema ndiyo. Marlies alilala katika Bwana tarehe 21 Oktoba 2012.

Neno hilo likawa mzigo wake. Fredu alikuwa mtu wa kanisa, na ahadi aliyompa mtu anayekwenda kwa Mungu hakuihesabu kuwa maneno ya mdomo. Kila Jumamosi aliitoa ile ndefu kabatini, akaifuta kwa mafuta, akaielekeza dirishani kwenye kilima, kisha akairudisha. Jumapili alibeba fupi. Alilala mkekani, akafyatua, akajisogeza kushoto, na hakuna aliyelala pale alipopaacha. Ubao wa kitako ulikuwa umeng'aa mahali shavu la Marlies lilipokaa, chini kidogo ya mahali pa shavu lake.

Macho yake nayo yakazeeka kama alivyowaambia vijana. Jina lake likashuka mwaka hadi mwaka, hadi likafika karibu na mwisho wa ubao wa matokeo. Res alimfuata hadi nyumbani.

"Kijino kiko puani mwako, mzee, utakionaje? Chukua ya baba yako."

"Hainitoshi."

"Hainitoshi! Mtu mrefu kama mnara wa kengele!"

"Nimesema hainitoshi, Res. Kunywa kahawa yako."

Kwa miaka ile sita alikula peke yake, akaimba peke yake kwenye benchi la kushoto kanisani, na simu yake kwa dada yake kila Jumapili ilizidi kuwa fupi. Käthi alipomwuliza anajisikiaje, alijibu habari za hali ya hewa.

Mwezi Januari 2019 madaktari walimwambia kwamba mapafu yake hayatapona. Hakulalamika. Alimwita mchungaji, akachagua zaburi na nyimbo tulizoimba leo. Kisha akasema kuna jambo moja hajalitimiza, na kwamba haoni haya ya kufa, anaona haya ya kukutana na Marlies kabla hajalitimiza.

Jumapili ya tarehe 26 Mei, sikukuu ya shabaha, Fredu alifika uwanjani na mfuko mrefu begani, akipumzika kila alipopita mti. Hakuna aliyemtania. Alilala kifudifudi, akaunyosha mwili wake wote kwa mara ya kwanza baada ya miaka arobaini na mitano, akaiweka bunduki ya baba yake begani. Alifyatua polepole, akivuta pumzi kwa shida. Ubao ulipowaka mwishoni, alikuwa amepata beji ya shada, na katika kijiji chote hakuna aliyempita siku ile.

Waliokuwa nyuma walipiga makofi. Fredu aliitoa bunduki begani, akaifungua kama kanuni inavyotaka, akaiweka chini. Halafu akajisogeza upande wa kushoto. Akabaki amelala.

Res aliinama. "Fredu, umemaliza. Inuka, wenzio wanangoja."

"Bado zamu ya Marlies."

Res alivua kofia. Akakaa chini kando ya mkeka, akawaambia wa kwenye foleni wangoje. Wakangoja, hadi Fredu mwenyewe alipoomba mkono.

Jioni alimpigia dada yake. "Käthi, nimelitimiza."

"Ashukuriwe Mungu. Ilikuwaje?"

"Niliona kila kitu vizuri," alisema. "Kijino, shabaha, majani ya nyuma, hata nafasi ya Marlies ilivyo tupu. Huo ndio ubaya wake."

Hakwenda tena uwanjani. Beji aliiweka juu ya kaburi la mkewe, chini ya jiwe dogo, na ipo hapo hadi leo. Alifariki nyumbani kwake Jumatatu tarehe 14 Oktoba 2019, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na minane. Alikutwa amelala ukingoni kabisa mwa kitanda, upande wa kushoto.

Marehemu ameacha dada yake Käthi, mpwa wake Rosmarie na mumewe, rafiki yake Res, na wenzake wa chama, ambao bendera yao imeinamishwa juu ya jeneza. Bunduki ndefu alikiachia chama. Ile fupi kila mmoja wetu ameijaribu begani, mmoja baada ya mwingine, jikoni kwake. Hakuna inayemtosha. Itabaki na kitako chake kama kilivyo.

Bwana aliyewatenganisha kwa muda amewakutanisha. Fredu, huna deni tena na mtu. Nyosha miguu yako, upumzike kwa amani.