Thacienne Mukandori, Aliyeongeza Kanuni ya Kumi na Mbili

Thacienne Mukandori, tunayemzika leo hapa Nyakabuye, alizaliwa hapa hapa tarehe 12 Machi 1955. Mwaka 1960 wazazi wake walikimbilia Bukavu, na huko ndiko alikozaliwa mdogo wake wa pekee, Muhigirwa. Alimbeba mgongoni kila alikokwenda, hata majirani wakamtania kwamba ni mwanawe.

Alisoma Bukavu, akamaliza sekondari mwaka 1975. Alipokuwa kiranja aliandika majina ya wapiga kelele darasani, na mara mbili aliandika jina lake mwenyewe. Mwalimu alicheka, lakini adhabu alimpa.

Tarehe 5 Agosti 1978 alifunga ndoa na fundi Gad Sibomana. Siku hiyo alifika kanisani amechelewa saa nzima kwa sababu mtu wa kumpokea zamu kazini alikuwa hajafika. Mzee Gad amesimulia kisa hicho miaka ishirini na minne, na kila mwaka saa zinaongezeka.

Januari 1995 familia ilirudi nyumbani, ikakaa Kamembe. Thacienne akawa msimamizi katika kiwanda kimoja cha chai, na Muhigirwa akaajiriwa hapo hapo, kwenye mashine ya kukaushia. Ni Thacienne aliyewakalisha wafanyakazi chini watunge wenyewe kanuni za kazi. Zilitoka kumi na moja, zikabandikwa ukutani. Ya nne ilisema anayeacha mashine ikiwa na moto, kazi imekwisha.

Oktoba 1996 vita viliingia Bukavu, na mama yao alikuwa bado huko. Muhigirwa akatoka mara moja kusikiliza redio. Chai ikaungua. Hakuna aliyemwona, lakini alikwenda mwenyewe kwa dada yake.

“Yaya, ni miye niliacha masini. Nilienda kusikiliza habari ya maman.”

“Mudogo wangu, reglema ni ya bote,” alimjibu, yaani kanuni ni ya wote, akamwandikia barua ya kufukuzwa.

Wiki ile ile Muhigirwa alivuka mpaka kwenda kumtafuta mama. Desemba mama akafika Kamembe na kitenge kimoja. Thacienne akamuuliza Muhigirwa yuko wapi.

“Muhigirwa? Alikuya kunitafuta? Mi sikumuona,” alisema mama.

Tangu hapo Thacienne hakuwa yule tuliyemzoea. Kila Jumapili baada ya ibada alishuka hadi daraja la Rusizi, akawauliza wanaovuka kama wamemwona mwanaume mrefu mwenye kovu kwenye nyusi. Alimlilia ndugu yake waziwazi, bila aibu, hata mezani alimwekea sahani. Kiwandani nako aligundua jambo: hakuna tena aliyekosa. Yaani hakuna aliyesema. Magunia yaliyoharibika yalifichwa chini ya yaliyo mazima.

Mwaka 1997 alisimama mbele ya wafanyakazi wote. “Batu bangu, nilifukuza muntu juu alisema ukweli. Nilikosa. Kuanzia leo, muntu akikosa na akisema ye mwenyewe, hatutamufukuza. Tutatengeneza pamoja naye.” Mkurugenzi alikataa, akabembelezwa miezi miwili, akakubali. Hiyo ndiyo kanuni ya kumi na mbili, na waliokuja leo na sare za kiwanda wengi wao bado wako kazini kwa sababu yake.

Kisukari kilimwanza mwaka 1999. Miguu ilipokataa kwenda darajani, alimtuma binti yake, Tumukunde. Alifariki hospitalini tarehe 9 Juni 2002, alfajiri, mumewe akiwa amemshika mkono.

Tulipokaa kuandika wasifu huu tulibishana tumtaje wapi Muhigirwa, maana ni karibu miaka sita hatujasikia neno. Tumukunde akatueleza maneno aliyoachiwa na mama yake: “Musimuweke na bale balikufa. Mumuandike na bale ninaacha.”

Basi marehemu ameacha mume, Gad Sibomana, mabinti wawili, Tumukunde na Uwineza, wajukuu watatu, mama yake mzazi, Nyiramahoro, na mdogo wake, Muhigirwa.

Kumngoja sasa ni kazi yetu. Yeye apumzike kwa amani.