Haiko Pombe Inamutetemesha Papa

Mwaka ule baada ya vita vya Bukavu, kila mwili uliotetemeka ulisingiziwa bunduki au pombe. Ndani ya taksi iliyotoka Kamembe, mwanamke aliyekaa mbele yangu, Laurence, alikuwa akijipepea kwa kitambaa cha kichwa ingawa mvua ilinyesha.

"Maman, uko na homa?" akauliza mzee wa pembeni yake, ambaye hakumjua.

"Hapana, Mzee. Niko na miaka makumi tatu na sita na damu ya mwezi imeshaisha. Docta wa Butare anasema inatoka kwa Papa."

"Papa yako naye damu imeisha?"

Nikakohoa ili nisicheke. Laurence akaeleza kwa subira: katika mbegu ya ukoo wao kuna neno lililoandikwa mara nyingi kupita kiasi, na baba mwenye nalo humwachia kila binti yake. Mwili hulinakili bila kuchoka, mpaka nakala zinajaa na kuuharibu. Mwanamke huweza kukauka mayai mapema. Mwanamume akizeeka, ubongo huumia, mikono ikatetemeka na miguu ikayumba.

"Siye tulisema ni urwagwa, pombe ya ndizi, inamutetemesha Papa. Tumemukataza miaka mbili. Kanisani banamuita mulevi. Minaenda kumuomba pardon."

"Na chupa, mutamurudishia?"

"Chupa hapana! Docta anasema pombe itamuangusha zaidi."

"Maman! Mulimufunga bure, sasa munamuambia hana kosa, lakini abakie gerezani?"

Taksi ikasimama Giheke. Laurence akashuka. Mzee, aliyelipa mpaka Ntendezi, mbele zaidi, akashuka nyuma yake akisema, "Huyo papa iko na haja ya avoka wa kumutetea."