Joash Nyasani na Disketi za Magwagwa

Ijumaa, tarehe 30 Julai 1999, Mzee Joash Nyasani anastaafu baada ya kuutumikia Wakfu wetu wa afya kwa miaka ishirini na minane.

Alianza mwaka 1971 akiwa tabibu katika zahanati ya Ikonge. Wenyeji wa huko wanamkumbuka kwa jambo moja: hakumdunga mtoto sindano kabla ya kumwuliza jina la ng'ombe wa kwao. Wengi walisahau kulia wakieleza.

Mwaka 1994 Wakfu ulianza kugawa programu ya kompyuta inayopiga hesabu ya dawa kwa uzito wa mtoto. Ilikuwa programu huria. Kila aliyeielewa aliruhusiwa kuifungua, kuirekebisha na kuturudishia alichoongeza. Disha, mwandishi wake mkuu, alikuwa na toleo jipya karibu kila baada ya wiki mbili. Lakini kanuni za Wakfu zilidai kila toleo lipitiwe na matabibu watatu wakaguzi, nao walikutana mara nne tu kwa mwaka. Mzee Nyasani akapewa kazi ya kusimama katikati. Disha alimwona mzito, wakaguzi wakamwona mwenye pupa, naye akawasalimu wote kwa tabasamu lilelile.

Katika msimu wa malaria wa 1997, zahanati ya Magwagwa ilipiga simu. Muuguzi alikuwa ameandika uzito wa mtoto kwa koma badala ya nukta, na kompyuta ikasoma kilo nane na nusu kuwa themanini na tano. Kwa bahati njema alishtuka alipoona kipimo, akakikataa, na mtoto akapona. Disha alirekebisha kosa siku hiyohiyo. Kikao cha wakaguzi kilikuwa bado wiki sita.

"Mzee, niruhusu nitume sasa," Disha alimsihi. "Watoto hawawezi kungoja kikao."

"Hawawezi, na sisi hatutakingoja," alijibu. "Lakini wakaguzi wataiona kwanza."

Akazipigia simu zahanati zote zirudie chati ya ukutani kwa muda. Kisha akafunga disketi ndani ya mfuko wa plastiki, akapanda pikipiki na kuingia mvuani: Manga, Ikonge, hadi Magwagwa, kwa kila mkaguzi pale alipofanyia kazi. Wawili waliipitisha. Wa tatu, Manasseh Ogari, akagundua kwamba programu sasa ilikataa kabisa uzito wa watoto wachanga.

Disha alipopata habari hiyo alitokwa na machozi. Mzee hakumlaumu. Alimwagizia chai, akaketi naye mpaka kikombe kikaisha, ndipo akasema, "Hakuna aliyeumia, mwanangu. Sasa tumalize kazi."

Kesho yake alizunguka upya na disketi nyingine iliyorekebishwa, na safari hii wote watatu waliridhika. Mkewe, Mama Yunuke, alituma ujumbe ofisini kwamba akinyeshewa tena, tutamuuguza sisi.

Halmashauri ilimwita ajieleze kwa nini alikiuka utaratibu. Alisimama akasema kwa upole, "Kanuni inataka wakaguzi watatu. Haikusema lazima waketi meza moja." Mwenyekiti akaanza kucheka. Tangu siku hiyo marekebisho ya dharura huwafuata wakaguzi waliko, na matoleo makubwa ndiyo hungoja kikao. Disha hajapunguza kasi, na hakuna toleo lililotoka bila kukaguliwa.

Jumatatu iliyopita, kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, Disha alichelewesha toleo kwa hiari yake. Alitaka lipite mkononi mwa Mzee kabla hajaondoka. Mzee alilisoma taratibu, akamwonyesha kosa moja dogo, na sote tukafurahi kwamba alilipata.

Mzee Nyasani, tunakushukuru kwa subira yako na kwa moyo wako. Nenda nyumbani Manga ukapumzike, Mama Yunuke amekungoja vya kutosha. Mungu akupe afya, wajukuu wengi na siku nyingi za utulivu. Kwa Kigusii chako: Mbuya mono, Tata, asante sana, Baba.