Jina Langu Katika Orodha ya Marehemu

Walisema sitafika hata Chalinze. Fundi wangu wa useremala, hapa hapa Manzese, alisema zaidi: "Wewe diploma utaisikia redioni." Wazee wangu shikamooni, na nyie wenzangu habari za mchana. Diploma ninayo, ya ufundi wa majokofu, nimeisomea Zambia kwa jasho langu. Gari lililoziba njia hapo nje ni langu, nitalisogeza. Najisifu mapema ili nimalize, maana yaliyobaki si ya kujisifia.

Ndugu zangu wa kufa na kuzikana, miaka ishirini na miwili mlinitafuta, nami nilikuwa mzima.

Siku ya ugomvi nilipasua vibaya mbao ya mteja, mninga mzuri, kwa uzembe wangu. Fundi akafoka mtaa mzima ukasikia: "Nikikuona tena hapa nakutoa roho." Yalikuwa maneno ya hasira tu, hata mie nilijua. Alfajiri nikadandia lori la kwenda Tunduma, sikumuaga hata mama. Nilijiambia watanijua nikirudi na suti. Mama akaamka akakuta kitanda kitupu, na mtaa ukakumbuka yale maneno. Fundi alilala mahabusu wiki mbili. Polisi wakachimba mpaka sakafu ya karakana yake, hawakuona kitu, wakamwachia. Mtaa haukumwachia.

Mtaniuliza: ulijua? Nilijua, ndugu zangu. Hapa ndipo ninaposhindwa kuwatazama.

Mwaka wa sita, nikiwa naosha malori Ndola, huko Zambia, nilikutana na utingo mmoja wa huku kwetu. Alinitazama mpaka nikaogopa mie. "Braza, kwenu umeshasomewa hitima. Mama yako kila Ijumaa anakaa kizingitini kwa fundi, anamwambia, nipe hata mifupa nimzike."

Nilichomjibu nakikumbuka neno kwa neno: "Usiseme umeniona. Nitakwenda mwenyewe nikishakuwa mtu."

Aliniapia, na kiapo akakitunza. Laiti angekuwa mmbea.

Nikawa mtu. Nikapata diploma, nikafungua karakana, nikajenga. Simu za mkononi zikaja, kupiga nyumbani kukawa jambo la dakika moja. Lakini kila mwaka ulioongezeka, dakika hiyo ilizidi kuwa nzito.

Mwaka jana nikaja, na tai shingoni. Ilikuwa siku kama ya leo, siku ya dua ya marehemu wetu kabla ya Ramadhani. Niliichagua makusudi, watu wawe wengi, nishangaliwe. Nikasimama nyuma ya turubai nikisubiri shehe amalize orodha. Likasomwa jina la mama yangu. Nilikuwa sijui. Halafu likasomwa langu, chini ya la kwake. Mkaitikia "Amina", wote.

Nikaingia. Mliokimbia mnajijua. Bibi mmoja, naye yupo hapa, hakukimbia. Alininyooshea mkongojo: "Vua viatu, tuone kama una kwato." Nikavua viatu vyangu vya ngozi, nikasimama juu ya mkeka na soksi iliyotoboka kidole gumba.

Pilau ilipopakuliwa, kila sinia lilizungukwa na watu watano, magoti yakigusana. Ndipo nikamwona fundi, mvi tupu. Alikuwa amekaa kule vinakovuliwa viatu, na sahani yake ya peke yake. Miaka yote hiyo alikuja kuniombea dua, na hakuna aliyetaka kutia mkono sinia moja na yeye.

Nikapiga magoti, nikaanza kuahidi. Gari. Nyumba mpya. Akaendelea kutafuna.

"Umechelewa, dogo, umebaki ukoko," akasema. Kisha: "Gari lako mie sitaki. Nina nyumba za kwenda. Kesho vua hiyo tai, tutembee."

Tulitembea wiki tatu. Kila nyumba iliyomnyima kazi au salamu, niligonga mie, yeye akasimama nyuma yangu. Nilisema maneno yale yale: "Mie ndiye mliyesema aliuawa na huyu." Buguruni, familia iliyovunja uchumba na binti wa fundi ilinisikiliza mlangoni, hata maji hawakunipa. Nyumba ya mwisho ilikuwa Tegeta, kwa binti mwenyewe. Alinitazama kutoka juu mpaka chini.

"Baba, ndiye huyu? Mbona mfupi? Nilidhani aliyenivunjia ndoa ni mtu mkubwa."



Kwa mama nilikwenda peke yangu, makaburini. Nilisema yale yale. Hapo hakuna wa kunifungulia.

Namshukuru shehe, aliyelikata jina langu kwa kalamu mbele yangu. Namshukuru bibi wa kwato. Fundi wangu nashindwa kumshukuru, neno lenyewe ni dogo. Na wewe uliyekaa hapa, kama una kijana aliye mbali, au wewe mwenyewe kuna anayekutafuta, piga simu leo, hata kama mfukoni huna kitu. Usingoje uwe mtu. Kwa mama yako ulishakuwa mtu siku nyingi.

Nimemaliza. Naona pilau inakuja. Fundi amekaa tena kule penye viatu, kwa mazoea, lakini safari hii nimeomba mbele yake liwekwe sinia. Mie nakwenda kukaa naye. Zimebaki nafasi za watu watatu.